UZI: Watafiti wa maji wapo Tengeru, walimu tupo darasani, watoto wana meno ya kahawia. Kwa nini hatufundishi pamoja?

KemiaMeru (mleta mada)

Wakuu heshima kwenu. Uzi ni mrefu ila naomba mnivumilie, hili jambo limenikaa rohoni.

Mimi ni mwalimu wa kemia na baiolojia, shule ya kata, huku ukanda wa Mlima Meru. Darasa la huku likicheka kwa pamoja unaona meno ya kahawia mstari mzima, na mabinti wengi wanacheka wameziba mdomo kwa kiganja. Hiyo ni kazi ya floraidi, madini yaliyoyeyuka kwenye maji, na kila mtu anajua inatoka huko. Ila uliza inafanyaje kazi, kwa nini kijito hiki kina nyingi na kile cha ng'ambo hakina, kwa nini bibi amechemsha maji miaka yote na wajukuu meno yameharibika vile vile, hapo unapata kimya. Na kitabu hakikusaidii sana. Mada ya maji magumu na maji laini inakupa kalsiamu na magnesiamu, milinganyo ubaoni, wananakili, kengele inalia.

Sasa angalia upande wa pili. Hapo Tengeru kuna Taasisi ya Nelson Mandela, ilianza kupokea wanafunzi 2011, haina shahada ya kwanza kabisa, ni masters na PhD tu, na maji ni moja ya mambo makubwa wanayosoma pale. Ngurdoto kuna kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi kwenye maji. Dk. Askwar Hilonga, wa hapo hapo Nelson Mandela, ndiye alishinda tuzo ya Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza mwaka 2015 kwa kichujio chake cha maji. Yaani wataalamu hatuagizi nje, wapo, wanachota sampuli kwenye vijito wanavyovuka wanafunzi wangu asubuhi, wanaweka kwenye chupa, wanaweka kwenye kibaridi, wanaondoka. Mtoto anabaki anashangaa yule alikuwa anafanya nini.

Hoja yangu ni hii. Kila anayefanya utafiti wa maji au mazingira ngazi ya masters au PhD aunganishwe na mwalimu mmoja wa sekondari, mwaka mzima wa masomo, siku moja kwa wiki, wafundishe pamoja darasa lile lile. Sisemi aje tarehe 22 Machi Siku ya Maji Duniani atoe hotuba, apige picha na watoto, apotee. Nasema wakae mezani mwalimu na mtafiti, wapange somo, waingie wote, na darasa libaki la mwalimu.

Na sio ndoto, Marekani walishafanya kwa miaka mingi. Taasisi yao ya taifa ya sayansi, NSF, ilianzisha mwaka 1999 mpango ulioitwa GK-12. Mwanafunzi wa uzamili au PhD wa sayansi alikuwa analipwa dola 30,000 kwa mwaka, na sehemu ya kazi yake ilikuwa kuwa shuleni kama saa 10 kwa wiki na mwalimu wake. Vyuo vingi vilichukua mambo ya maji na mazingira maana ndio sayansi unayoweza kuikuta nje ya geti la shule. Chuo Kikuu cha California kule Santa Cruz kwa mfano kilipeleka watafiti wake kwenye sekondari za Watsonville, mji wa mashamba ya stroberi, watoto wengi wa vibarua wa mashambani, na watoto wakawa wanafanya uchunguzi wao wenyewe wa mazingira ya pale pale kwao.

Kitu kilichonifanya niandike huu uzi ni hiki hapa. Mwaka 2011 jarida la Science lilitoa utafiti wa wanafunzi 95 wa ngazi hizo za juu, wengine walikuwa wanafanya utafiti tu na wengine utafiti pamoja na kufundisha. Wakalinganisha maandiko yao ya utafiti ya mwanzo wa mwaka na ya mwisho wa mwaka. Waliofundisha walikuwa wamepiga hatua zaidi kwenye kutunga nadharia tete zinazopimika na kwenye kupanga jaribio. Kwa hiyo supavaiza anayesema "kijana wangu atapoteza muda kwa watoto" aelewe kijana wake anarudi akiwa mtafiti mzuri zaidi. Ukimweleza mtoto wa kidato cha pili kwa nini unachukua sampuli tatu badala ya moja, na akakubana na maswali, lazima ujue mwenyewe kwa nini.

Naomba maoni, hasa ya walimu wenzangu na wanaofanya tafiti.

mtaa_wa_pili

Mwalimu nakuheshimu ila unaongea kama vile walimu tuna muda. Mimi nina vipindi 28 kwa wiki, silabasi haijaisha, mtihani wa taifa wa NECTA hauulizi meno ya mtu yana rangi gani. Halafu huyo mtafiti akija anaongea kiingereza cha chuo, anatumia saa nzima kueleza kitu ambacho hakipo kwenye mtihani, mwisho wa mwaka shule ikifeli anayeitwa ofisini kwa mkuu ni mimi au yeye? Mambo ya wageni darasani nimeyaona, wanakuja na tisheti.

KemiaMeru

Mkuu mtaa_wa_pili hoja yako ni ya kweli na ndio maana nimesema darasa libaki la mwalimu. Mtafiti hachagui mada, mada inatoka kwenye silabasi na anaiingia kwa mlango wa silabasi.

Nikupe mfano. Ugumu wa maji ni mada ya mtihani. Sasa huku kwetu wote tunajua maji ya vijito vingi yanatoa povu la sabuni haraka, kitone kidogo tu ndoo nzima povu. Maana yake ni maji laini, kalsiamu ni kidogo. Na hapo ndipo floraidi inapoingia: kalsiamu ingekuwepo ya kutosha ingeikamata floraidi ikatuama chini kama kalsiamu floraidi, chumvi ambayo haiyeyuki kirahisi. Kalsiamu haipo, floraidi inabaki inaogelea kwenye maji mpaka kwenye kikombe. Miamba ya volkano ya Meru inaitoa, maji laini yanaibeba. Hapo umefundisha maji laini, myeyuko, kutuama kwa chumvi na mlinganyo mmoja wa ayoni, vyote vya mtihani, na mtoto hatasahau maana ameanza na sabuni ya kwao.

Hicho kitu mwalimu unaweza kukifundisha peke yako ukikijua. Usichoweza peke yako ni kupima. Kifaa cha kupimia floraidi, ile elektrodi, bei yake sio ya shule ya kata. Mtafiti anayo.

Mtafiti_Maji

Habarini. Mimi nipo upande huo mwingine, nafanya PhD ya maji, chuo sitakitaja. Nimesoma uzi wote na ninaunga mkono ila acha niseme mambo ambayo mleta mada pengine hayaoni akiwa darasani.

Kwanza elektrodi hatuwezi kuiacha shuleni, ni ya maabara na inagombaniwa. Ila kuna njia ya rangi ambayo kwa darasa naiona bora hata kuliko elektrodi. Kuna kemikali nyekundu inaitwa SPADNS, inachanganywa na zirkoniamu, ukitia kwenye sampuli yenye floraidi wekundu unafifia, floraidi ikizidi wekundu unazidi kupungua. Mtoto anaona kwa macho yake maji ya bomba, maji ya kijito na maji ya mvua yamekaa kwenye mirija mitatu na rangi tatu. Kemikali yenyewe ina asidi kwa hiyo anashika mwalimu au mimi, sio mtoto.

Pili, sisi hatujui kufundisha. Mtu ana masters na hajui kupanga kipindi cha dakika 40. Mara ya kwanza ukiingia utaongea haraka, utaandika ubao mzima, na utaona watoto wamekutolea macho. Kwa hiyo kabla ya kuingia darasani mtafiti akae nyuma wiki kadhaa aangalie mwalimu anavyofanya. Hapo mwalimu ndiye mkufunzi na sisi ndio wanafunzi.

Tatu, na hili ni zito: wakati wa fildi tunapotea. Kuna miezi nachukua sampuli za kiangazi na za masika, maana floraidi inabadilika na msimu, na kuna miezi nimefungiwa maabara. Ratiba ya "kila Jumatano mwaka mzima" itavunjika. Bora wapange wakati wa kuanza muhula, mtafiti aseme wazi wiki zipi hayupo.

mama_Nuru

Samahanini naingilia mada yenu, mimi sio mwalimu. Nina mtoto wa miaka 3 tunakaa njia ya kata ya Maji ya Chai. Mimi mwenyewe meno yangu ndio hayo hayo. Maji nachemsha kila siku na kuchuja kwa kitambaa. Je yeye bado anaweza kupona au ndio imeshakuwa? Nauliza maana nyie ndio mnaonekana mnajua.

Mtafiti_Maji

Dada mama_Nuru hujaingilia, hiki ndicho tunachokiongelea. Kuchemsha endelea nako, kunaua vijidudu. Ila floraidi haitoki kwa kuchemsha. Maji yanapungua kwa mvuke na floraidi inabaki, kwa hiyo kila lita iliyobaki inakuwa nayo zaidi kidogo. Kitambaa nacho hakiizuii, imeyeyuka kama chumvi.

Mtoto wa miaka 3 ni wakati wake hasa wa kumlinda. Meno ya ukubwani yanajengwa ndani ya fizi kuanzia utotoni mpaka kama miaka 8, floraidi ikizidi wakati huo ndipo rangi inaingia, yakishakamilika maji hayawezi tena kuyaingizia rangi ile. Kwa hiyo maji ya kunywa na ya kupikia uji wake tumia ya mvua kama mna bati na tanki, hayo hayana floraidi ya kusumbua, yachemshe tu. Kama hakuna, tafuta chanzo kilichopimwa, ofisi ya maji ya kwenu waulize kipimo, usiogope kuuliza. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani, WHO, ni miligramu 1.5 kwa lita, na Tanzania tulikuwa tumeruhusu mpaka 4 kwa miaka mingi kabla ya kushusha kiwango chetu kufika hiyo hiyo 1.5.

Halafu magadi. Kama unaweka magadi kwenye maharage au makande yaive haraka, kwa chakula cha mtoto acha. Magadi mengi ya huku kwetu nayo yana floraidi.

KemiaMeru

Asante sana mkuu. Na mmeona? Hayo ya magadi na ya kuchemsha, mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu akiyajua kesho anafika kwao anamwambia mama yake, na pale nyumbani kuna mdogo wake wa miaka miwili. Meno ya mwanafunzi mwenyewe yameshaamua, hayarudi. Ya mdogo wake bado. Darasa langu lina watoto wengi na karibu kila mmoja ana mdogo, shangazi mwenye mimba, jirani mwenye kichanga. Hakuna mradi wenye bango na landikruza unaofika jikoni kwa watu kwa wepesi huo.

Nakuru254

Salamu kutoka Nakuru. Hii shida ni ya Bonde la Ufa lote, sisi huku Nakuru, Gilgil, Naivasha tunaijua vizuri sana, meno ya kahawia watu wanatambuana nayo. Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru ilifanya kazi kubwa miaka mingi ya kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe kutoka machinjioni inachomwa kwenye tanuri hewa ikiwa kidogo, inasagwa punje punje, inajazwa kwenye chujio na maji yanapita.

Nataka niongeze kitu kwa walimu. Hilo chujio ni somo zima la kemia na pia la uvumilivu. Ukichoma mifupa moto mdogo inabaki na mafuta na maji yananuka. Ukizidisha moto inakuwa myeupe na nguvu ya kushika floraidi inashuka. Inatakiwa katikati, ile nyeusi ya kijivu. Halafu chujio halidumu, linajaa, na likijaa maji yanatoka na floraidi kama yalivyoingia ila kwa macho huoni tofauti yoyote. Watu wengi wameacha machujio hapo hapo kwa sababu hakuna wa kuwaambia limekwisha. Sasa fikiria darasa linapima maji ya chujio la shule kila mwezi wanachora grafu, siku mstari unapita 1.5 wanajua ni wakati wa kubadilisha. Hapo mtafiti anapata data ya mwaka mzima ambayo peke yake asingeipata, maana yeye hawezi kukaa shuleni kila mwezi.

Suala la mifupa pia mlijadili na wazazi mapema. Kuna familia hazitaki maji yapite kwenye mfupa, wengine wanataka uhakika kwamba mnyama alichinjwa kihalali. Usilipuuze hata kidogo, mradi unaweza kufia hapo.

kigingi_cha_mwisho

Mimi ni mtumishi wa halmashauri na nitasema kitu ambacho hakuna aliyegusa. Wanafunzi wakipima kisima cha kijiji na majibu yakawa mabaya, nani anatangaza? Mtoto akirudi nyumbani akasema "mwalimu kasema kisima chenu ni sumu" na kijiji hakina chanzo kingine, umewapeleka wapi wale watu? Watarudi kwenye mfereji wenye kinyesi, wapate kuhara. Nimeshaona taharuki ya namna hiyo inavyoanza. Sipingi wazo, ila mkianza bila kuongea na watu wa maji na mwenyekiti wa kijiji mtaharibu.

Mtafiti_Maji

Mkuu kigingi umesema kweli tupu na ningependa liwe sharti la kwanza. Sampuli za kujifunzia zichukuliwe shuleni na kwenye kijito, ziwe na namba tu bila jina la kisima cha mtu. Ikionekana chanzo cha watu kina tatizo, kipimo kirudiwe maabara na mtu wa maji wa wilaya awepo, yeye na serikali ya kijiji ndio waseme, na waseme wakiwa na jibu la maji mbadala mkononi. Na watoto wafundishwe kwamba sampuli moja haitoshi kukihukumu kisima.

Bios_Singida

Walimu wa baiolojia msituache nje maana naona mmeshika kemia tu. Huku Singida floraidi tunayo pia, ila nilikuwa nataka kusema kuhusu mito yenu. Wenzetu wa Afrika Kusini wana njia inaitwa miniSASS, unapima afya ya mto kwa wadudu wake. Unaingia na wavu mdogo, unapekua mawe, unamwaga kwenye beseni jeupe, unaangalia makundi 13 ya viumbe wadogo, kila kundi lina alama yake, unajumlisha unatafuta wastani. Ukikuta minyoo na ruba watupu mto una shida, ukikuta wale wadudu wasiovumilia uchafu mto ni mzima. Haihitaji kemikali hata tone na ni uainishaji wa viumbe ulio kwenye silabasi. Pale shida ni kuwatambua, lava wa kereng'ende anafananaje, huyu mwingine ni nani, na hapo ndipo mwalimu anamhitaji mtafiti asimame naye mtoni mara mbili tatu. Baada ya hapo mwalimu anajua, na ujuzi unabaki shuleni hata mtafiti akimaliza digrii yake akaondoka.

Ila swali langu kwa mleta mada. Hao Wamarekani mpango wao uko wapi leo?

KemiaMeru

Mwalimu wa Singida swali zuri. Uliisha. Mwaka 2011 NSF iliamua kuacha kutoa fedha mpya na baada ya hapo miradi ikamalizika mmoja mmoja. Sehemu nyingi mtafiti alipokosa ile posho hakuonekana tena shuleni, kwa sababu mpango mzima ulikuwa umening'inia kwenye ile dola 30,000.

Ndio maana mimi siombi posho kubwa. Naomba vitu viwili. Chuo kikubali kwamba mwaka wa kufundisha na mwalimu unahesabika kwenye masomo ya mwanafunzi wake, uandikwe kwenye cheti chake cha matokeo kama kozi nyingine, maana mwanafunzi wa PhD anafanya kinachohesabika, hatuwezi kumlaumu. Na mwalimu naye siku hiyo ya mtafiti apunguziwe vipindi viwili, ihesabiwe ni mafunzo kazini. Nauli ya bodaboda kutoka Tengeru mpaka Usa River au Maji ya Chai sio kitu cha kusubiri mfadhili wa Ulaya, mradi wa utafiti wowote una fungu la fildi.

Na mtaa_wa_pili alisema wageni wanakuja na tisheti. Hapo ndipo penye tofauti yote. Mgeni wa siku moja mwalimu anasimama pembeni kama mlinzi. Mkifundisha pamoja mwaka mzima mwalimu anajifunza kuchukua sampuli na kusoma grafu ya utafiti, mtafiti anajifunza kusema jambo gumu kwa lugha ambayo mtoto wa Meru na mama yake wanaielewa. Akimaliza PhD akaenda wizarani au mamlaka ya maji, atakuwa ameshawahi kuulizwa na mtoto wa miaka 15 "sasa sisi tunywe nini?" na akalazimika kujibu.

mtaa_wa_pili

Hapo kwenye kupunguziwa vipindi viwili na kuhesabiwa mafunzo kazini naweza kukuelewa. Mkuu wa shule akikubali hilo kwa maandishi mimi nipo. Ila nianze na darasa moja, sio mikondo yote minne.

Mtafiti_Maji

Darasa moja linatosha na mimi ndivyo ningependa. Nimeongea na wenzangu wawili ofisini mchana huu, mmoja anafanya vichujio, mwingine anafanya wadudu wa mito ya bonde la Pangani, wako tayari wakipata mwalimu na ruhusa ya supavaiza. KemiaMeru naomba utupe mada za muhula wa pili kwa wiki, tuone zipi zinaingiliana na kazi zetu kabla hatujaandika barua.

KemiaMeru

Nitaziweka hapa jioni nikishatoka shule, kemia kidato cha tatu na baiolojia kidato cha kwanza. Walimu wengine wa Meru na Arusha wenye mada za maji au uainishaji muhula ujao, andikeni kata mliyopo na kama karibu yenu kuna kijito au ni kisima tu. Majina ya shule msiandike hadharani kwanza mpaka wakuu wenu waridhie. Na kigingi kama unaweza kutuelekeza barua ya halmashauri iende kwa afisa elimu sekondari peke yake au na kwa watu wa maji pia, tuambie.

kigingi_cha_mwisho

Kote kuwili, barua moja, nakala kwa mwenyekiti wa kijiji. Na kwenye barua andikeni wazi kwamba sampuli hazitakuwa na majina ya visima.